Uimarishaji hasi si adhabu

Dada, umeuliza kama uimarishaji hasi, ule wa saikolojia wa kuifanya tabia izidi kwa kuondoa kero, ni jina jingine la adhabu. La, hata kidogo! "Hasi" hapo si ubaya, ni kuondoa tu, kama alama ya kutoa kwenye hesabu. Chukua jua la saa saba mchana ukitoka sokoni Kongowea: wafungua mwavuli, ukali unapungua, kesho hutoki bila mwavuli. Tabia imeimarika kwa kuwa kero imeondoka. Ndani ya sanduku la Skinner, yaani kisanduku cha majaribio cha mwanasaikolojia B. F. Skinner, panya akibonyeza wenzo na umeme wa sakafuni ukakatika, hujifunza kubonyeza upesi. Adhabu hupunguza tabia. Kumnyang'anya mtoto simu kwa kuchelewa madrasa ni adhabu, ingawa kitu kimeondolewa. Hapo ndipo wengi hukosea kwenye mtihani.