Foklifti ya zamani inamisi (silinda haichomi vizuri): majibu ya maswali yenu

Fundi, tuna foklifti Toyota ya petroli, injini 4Y. Ikiwa sailensa (inanguruma tu bila kukanyagwa mafuta) inatetemeka mpaka usukani unacheza, ukikanyaga mafuta inatulia. Nimebadili plagi zote nne, bado. (Vingunguti, Dar)

Pole ndugu yangu, ila pesa ya plagi ungeitunza kwanza, anza kutafuta silinda ipi imelala. Shusha uma mpaka chini, niutro, handibreki, tairi ziwekee gogo. Injini ikiwa imezimwa chomoa waya wa plagi moja, uchomeke kwenye plagi kuukuu, uilaze juu ya chuma cha injini mbali na petroli, washa usikilize. Ikizidi kutetemeka basi hiyo silinda ilikuwa inafanya kazi, zima, rudisha, nenda inayofuata. Ile ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika ndo mgonjwa wako.

Zikijibu zote nne sawasawa, kwa dalili zako mimi nashuku hewa inayoingia bila kupita kwenye kabureta (inayochanganya hewa na petroli). Kwenye sailensa injini inavuta kwa nguvu sana na hewa yake inayohitaji ni kidogo, kwaiyo tundu dogo tu linaharibu mchanganyiko, ukikanyaga mafuta, hewa inakuwa nyingi tundu halionekani tena. Chukua chupa ya kupulizia, weka maji na sabuni (sio petroli jamani, utaungua), pulizia taratibu chini ya kabureta, kwenye gasketi ya manifoldi na mipira ya vakyumu, mlio ukibadilika umepata. Kuna moja ilinisumbua siku nzima, mpira wa vakyumu wa nyuma juu mzima kabisa, nikapitisha kidole kwa chini nikakuta mpasuko mfupi kama ukucha. Hamna kitu hapo, basi solenoidi ya kabureta (kivalvu cha umeme cha mafuta ya sailensa): funguo oni bila kuwasha, chomoa waya wake urudishe, lazima ilie "tak". Kama inalia, safisha jeti ya sailensa (katundu ka kupitisha mafuta) kwa hewa, usiingize waya utaipanua.

Yangu ikiwa tupu iko poa, ikinyanyua mzigo inakohoa. (Changamwe, Mombasa)

Ukinyanyua, pampu ya haidroliki inaikaba injini, unafungua mafuta zaidi, presha ndani ya silinda inapanda na cheche inapata shida kuruka, kwaiyo moto dhaifu unajificha mpaka mzigo uje. Ngoja usiku, zima taa uwashe injini, angalia waya za plagi bila kuzigusa, zinazovuja utaziona zinametameta. Alafu fungua kofia ya distributa (inayogawa moto kwa plagi), ifute, iangalie kwa tochi ndani: ukiona kamstari keusi kembamba kama njia ya sisimizi kutoka nguzo moja kwenda nyingine, moto unapita hapo, hiyo kofia haifai hata ukiikwangua. Moto ukiwa mzuri rudi kwenye mafuta, filta na kutu ya tenki, maana izi foklifti zinakaa wiki nzima tenki nusu, na maji yanajikusanya chini.

Nilitoa waya zote kusafisha, sasa inapiga bastola kwenye kabureta.

Umezichanganya. Kwa 4Y mpangilio wa silinda kupata moto ni 1-3-4-2, ila angalia kwanza rota, ile inayozunguka ndani ya distributa, inazungukia upande gani.

Silinda ya 2 na ya 3 zimekufa zote, moto upo. (Mwanza)

Pima kompresheni (presha ya kila silinda), plagi zote nje na mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho. Mbili zilizo jirani zikisoma chini pamoja, mimi naenda kwenye hedi gasketi moja kwa moja. Ingekuwa moja tu ningetia oili kidogo nipime tena, ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi.

Inatoa moshi mweusi, na vijana wa godauni wanalalamika kichwa. Nibadili nini?

Kabla ya kubadili chochote itoe nje sasa hivi, fungua milango yote, na mwenye kizunguzungu au kutapika apelekwe hospitali. Injini inayokula petroli kupita kiasi inatoa kaboni monoksaidi nyingi sana, haina harufu wala rangi, na inaua. Nakuomba sana usisubiri mzigo wa leo uishe. Ikishakuwa nje, angalia eya klina (filta ya hewa) kama imeziba, choki kama imenata, na floti ya kabureta kama imeingia mafuta, na isirudi ndani mpaka moshi uishe na milango ibaki wazi.