Kile kibandiko cha mwanga kwenye paji la uso la mtoto

Pole sana, mama. Umeuliza kama kile kibandiko chenye mwanga kwenye paji la uso la mwanao, aliyezaliwa bila kulia na sasa anapozwa mwili ili kulinda ubongo hospitalini London, kinaweza kumuumiza ubongo. Hapana, hakiumizi. Ni mwanga hafifu wa karibu na infraredi, yaani mwanga ulio nje kidogo ya ule mwekundu tunaouona. Hupenya fuvu jembamba la mtoto mchanga, na kwa kuwa damu yenye oksijeni na isiyo nayo hufyonza mwanga tofauti, mashine hukadiria oksijeni iliyomo kwenye damu ya ubongo.

Kinachowachanganya wazazi wengi ni hiki: namba kubwa si lazima iwe habari njema. Ubongo ulioumia huweza kushindwa kutumia oksijeni, ikabaki nyingi kwenye damu. Kwa hiyo usikeshe ukiitazama ile skrini, utajitesa bure. Madaktari huisoma namba hiyo pamoja na mawimbi ya umeme ya ubongo, kisha picha ya MRI, yaani picha ya ndani ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, baada ya saa 72 za kupozwa hadi nyuzijoto 33.5 hivi. Waulize MRI itafanyika siku gani. Na mwombe nesi akuonyeshe namna ya kumshika mkono.