Insulini, glukagoni na mtetemeko wa mama
Ndugu, umeuliza kwa nini mama yako, anayejidunga insulini, hutetemeka na kutokwa jasho akichelewa kula. Kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, hutoa homoni mbili zinazopingana: insulini hushusha sukari ya damu, ilhali glukagoni huliamuru ini liachilie sukari lililoihifadhi. Kwa mtu asiye na kisukari, insulini hupungua sukari inaposhuka. Ile ya sindano huendelea kufanya kazi hadi muda wake uishe, hata sukari ikishuka mno, na ndipo adrenalini, homoni ya dharura, huja kuisaidia glukagoni, ikileta jasho na mtetemeko huo unaokutia hofu, nawe una haki ya kuhofu. Kipimo cha sukari ya damu kikionyesha chini ya milimoli 4 kwa lita, mnyweshe maji yenye gramu 15 za sukari, umpime tena baada ya dakika 15. Akizimia, usimnyweshe chochote, mkimbize hospitali.