Mitaro ya Kisauni kwenye ramani

Dada, umeuliza kama mitaro iliyoziba huko Kisauni, Mombasa, yafaa kuwekwa kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni ambayo yeyote aweza kuihariri. Mtaro wenyewe weka, kuziba usiweke. Ramani ile yataka vitu vya kudumu, na taka za leo kesho huenda zikazolewa (tuombe Mungu). Hayo ya kuziba yachore juu yake kwa uMap, tovuti ya kutengeneza ramani yako mwenyewe juu ya ile, ni bure, kisha mtumie mzee wa mtaa linki. Kibera vijana walianza kuchora mtaa wao wenyewe 2009, nawe waweza.

Ila vichochoroni simu hudanganya, kuta huivuruga GPS. Mimi Mji wa Kale nilisimama mlangoni pa msikiti, nukta ikaniweka baharini! Siku hizi nahesabu mapaa kwenye picha ya setilaiti, halafu naisogeza nukta kwa kidole.