Stenti ya ureta haiyeyuki, lazima itolewe
Hapana ndugu, unasema stenti ya mama itayeyuka yenyewe, lakini hiyo aliyowekewa kwenye ureta (njia ya mkojo kutoka figo hadi kibofu) baada ya kutolewa jiwe haitayeyuka hata akikaa nayo mwaka, ni ya poliyurethani au silikoni, ule mrija mwembamba uliojikunja ncha zote mbili, moja figoni moja kwenye kibofu. Nafikiri umechanganya na uzi wa kushonea unaoyeyuka, ule ni polima (aina ya plastiki) kama asidi poliglikoliki, maji ya mwili yanaikatakata taratibu mpaka inaisha. Stenti za kuyeyuka hivyo zipo kweli na zimefanyiwa utafiti miaka mingi, ila kazi ngumu ni kuhakikisha haimeguki vipande vikubwa vikaja kuziba ureta yenyewe, ndo maana karibu wagonjwa wote bado wanawekewa ile ya kawaida. Mimi ni nesi wa theatre, nimeshaona iliyosahaulika imeota gamba gumu kama jiwe, kitu cha kutoa dakika chache kwa kamera ikawa operesheni kabisa. Tafadhali muulizeni daktari tarehe ya kuitoa, nyingi hazivuki miezi 3, labda kama ana sababu maalum.