Vitafunwa vya nyumbani na meno ya mbwa na paka

Swali: Nina mbwa wa miaka 4 na paka wa miaka 6. Wote wawili wananuka kinywa, na magego ya mbwa yameanza kuwa ya kahawia. Huwa ninawaokea biskuti ngumu za unga wa shayiri, zenye mnanaa na bikabonati ya sodiamu kidogo, nikiamini kwamba ugumu wake utakwangua uchafu. Je, ninafanya sahihi? Kuna vitafunwa gani bora ninavyoweza kuwaandalia mwenyewe?

Jibu: Biskuti ngumu haisafishi meno kama unavyotarajia, na sababu yake iko katika namna jino linavyokutana na chakula. Mbwa anapoiuma, ncha ya gego huigusa, biskuti hupasuka papo hapo, na vipande humezwa kabla ya kufika pale jino linapopakana na ufizi, ambapo ndipo maradhi huanzia. Kitafunwa kinachosafisha ni kile kinachonepa bila kukatika upesi, kiasi kwamba jino huzama ndani yake na kusuguliwa ubavuni. Kwa hiyo, unapotafuta kitafunwa kwa ajili ya meno, angalia kwanza jinsi kinavyotafunika, kisha ndipo uangalie viungo vyake.

Rangi ya kahawia unayoiona ni ukoga wa muda mrefu. Ukoga mpya ni utando laini wa bakteria unaojitandaza saa chache tu baada ya jino kusafishwa; usipoondolewa, madini yaliyomo katika mate huugandisha ukawa gamba gumu katika siku chache. Mate ya mbwa yana ualikali (kinyume cha uasidi) mkubwa kuliko yetu, jambo linalochangia gamba kujijenga haraka ingawa meno yake hayatoboki mara kwa mara kama ya binadamu. Gamba hilo likishashika, hasa lililojificha chini ya ufizi, kitafunwa hakiwezi kuliondoa. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo, mnyama akiwa amepewa dawa ya usingizi, nami nakusihi uanzie huko kwa wanyama wote wawili. Usilikwangue mwenyewe kwa kifaa cha chuma, kwa sababu utaliachia jino mikwaruzo ambayo ukoga mpya utaishika kwa urahisi zaidi.

Mnanaa hufunika harufu kwa muda mfupi tu, na hilo linanitia wasiwasi, kwa kuwa harufu ndiyo dalili ya mapema ambayo mwenye mnyama huitambua. Bikabonati nayo iache kabisa: mnyama hatemi, humeza, na sodiamu hiyo haimfai, hasa mwenye maradhi ya moyo au figo.

Kwa mbwa wako, kata viazi vitamu vilivyomenywa kuwa vipande virefu vyenye unene wa sentimita 1, uvikaushe katika oveni kwa nyuzi joto 120 za Selsiasi kwa muda wa saa 3 hivi, ukivigeuza katikati. Vitoe vikiwa bado vinakunjika; ukivikausha hadi vikatike kwa mlio, umerudi kwenye biskuti. Mnofu wa kuku ni bora zaidi. Uivishe kwanza bila chumvi hadi joto la ndani lifike nyuzi 74, uukate kwa kufuata mkondo wa nyuzi zake ili usichanike haraka, kisha uukaushe kidogo kwa moto mdogo. Hifadhi vyote katika jokofu na uvitumie ndani ya siku chache. Kipande kiwe kirefu kiasi kwamba mbwa hawezi kukimeza kizima, nawe uwepo anapokitafuna.

Usimpe kitu ambacho ukikibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba hakiachi alama. Mifupa, pembe na kwato huvunja gego kubwa la juu, na mfupa uliopikwa huweza kuchanika vipande vikali vinavyojeruhi koo na utumbo. Epuka pia vitunguu vya aina zote, kitunguu saumu, zabibu mbichi na kavu, na chokoleti. Soma kwa makini lebo ya siagi ya karanga kabla ya kuitumia: baadhi huwekwa zailitoli, kitamushi kinachoshusha sukari ya damu ya mbwa kwa ghafla na kinachoweza kuharibu ini lake.

Paka ana mahitaji mengine. Hana uwezo wa kuonja utamu, na mwili wake umeumbwa kwa nyama, kwa hiyo viazi havitamvutia. Mpe kipande cha firigisi iliyochemshwa bila chumvi wala viungo, kikubwa kidogo kuliko anachoweza kumeza, ili alazimike kukigeuzia upande wa magego. Kwa wote wawili, vitafunwa visizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku.

Hata kitafunwa kizuri hakifiki kwenye meno ya mbele na chonge jinsi kinavyofika kwenye magego. Kinachofika kote ni mswaki laini, kila siku, pamoja na dawa ya meno iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama, kwani yetu ina floraidi ambayo hawapaswi kuimeza. Ningependa sana uvifanye vitafunwa hivi kuwa zawadi baada ya mswaki. Wanyama wengi huzoea kufunguliwa mdomo wakijua kuna nyama inayofuata.

Paka wako akidondosha chakula, akitafuna kwa upande mmoja au akitokwa na mate yenye damu, usimpe chochote cha kutafuna kwa nguvu hadi achunguzwe. Paka wengi hupata maradhi ambayo mwili wenyewe hulimeng'enya jino kuanzia karibu na ufizi, na maumivu yake ni makali. Jino la namna hiyo hung'olewa, na baada ya kupona paka hula vizuri bila jino hilo.