Marguerite Long: mpiga piano au mwalimu?
Ndugu, umeuliza kama Marguerite Long alikuwa mpiga piano wa jukwaani au mwalimu tu aliyeachia mashindano ya muziki jina lake. Alikuwa vyote viwili, na kumhesabu kuwa mwalimu tu ni kumdhulumu. Alizaliwa Nîmes, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1874, akasomea muziki Paris, kisha akafundisha katika chuo kilekile alichosoma.

Mumewe, Joseph de Marliave, aliuawa vitani Agosti 1914. Mtunzi Mfaransa Maurice Ravel alipotunga Le Tombeau de Couperin, mkusanyiko wa vipande vya piano ambamo kila kipande kinawakumbuka rafiki waliokufa katika vita hivyo, kipande cha mwisho alimtunukia marehemu huyo, na mjane wake ndiye aliyeupiga mkusanyiko wote hadharani kwa mara ya kwanza, mwaka 1919. Mimi huwaza sana mikono yake jioni ile.

Januari 1932 alizindua Konseto ya Piano katika G ya Ravel, yaani kazi ya piano pamoja na okestra, Ravel mwenyewe akiongoza okestra. Sikiliza sehemu ya pili: piano inaanza peke yake, mkono wa kushoto ukitembea kwa mwendo usiobadilika huku wa kulia ukiimba wimbo mrefu usiopumua, na okestra inanyamaza kwa dakika kadhaa kabla ya filimbi kuingia. Hapo hakuna pa kujificha.

Mashindano uliyoyataja aliyaanzisha mwaka 1943 pamoja na mpiga fidla Jacques Thibaud, akikaribia miaka 70. Alifariki Paris mwaka 1966.